Gari Lililozima Likishiba

Wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho kusema "sijui" mbele ya watu wanaokuheshimu ilikuwa lini? Usijibu haraka. Daktari halisemi neno hilo. Mkubwa wa ofisi akilisema ataona kiti kinamyeyukia. Tangu darasa la kwanza tumefunzwa kwamba mkono wa kunyooshwa ni wa anayejua, na asiyejua ainamishe kichwa chini ya dawati asionekane. Ndivyo tunavyokua, na ndivyo tunavyoharibu vitu.

Fundi Sikio hakulisema kwa miaka thelathini na minne. Lilipomtoka, lilimtoka kama jino.

Karakana yake ni banda la mabati lililoegemea banda la seremala, kiasi kwamba vumbi la mbao la jirani hunata kwenye grisi yake. Sakafu ni udongo uliokunywa oili mpaka ukawa mgumu kama lami. Ukutani zimetundikwa spana kwa ukubwa, na nyuma ya kila spana amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana moja ukuta wenyewe umshtaki aliyeazima. Jina la Sikio alilipata kwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Huweka ncha kwenye injini inayounguruma, mpini sikioni, akafumba macho. "Silinda ya tatu inamisi, inaruka pigo," atasema, na ukifungua, plagi ya tatu ndiyo imeungua. Mafundi wenye vyeti na mashine za kuchomeka walimcheka mchana, kisha jioni wakaja mmoja mmoja kumuuliza. Cheti apewe anayesoma namba kwenye kioo, anyimwe anayesikia chuma kikiumwa! Hesabu gani hiyo?

Alikuwa na desturi moja ambayo mtaa mzima uliijua. Gari likiingia, hagusi boneti. Huzunguka kwanza hadi kwenye tangi, akafungua mfuniko, akanusa. Zamani, kazi ikiwa bado changa kwake, aliwahi kuivunjavunja injini ya watu siku tatu, kumbe petroli ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Tangu aibu ile akajiapiza: pua kwanza, sikio baadaye. Mfuniko huuweka juu ya paa la gari, na hapo hukaa mpaka kazi iishe. Kuurudisha ndiko kulikuwa kusema "tayari".

"Wenzako wanaonja mchuzi," seremala humtania, "wewe unanusa petroli. Siku utakayopiga chafya karibu na kiberiti, mimi nitakuwa nimeshahama."

Sasa, gari lililomtoa jasho lilikuwa la dada yake mkubwa.

Dada huyo alifundisha hisabati miaka mingi, na ingawa amestaafu, mtaani bado ni Mwalimu. Hata mdogo wake humwita hivyo mbele ya watu. Alipostaafu hakununua kochi la kukalia. Alinunua gari la abiria lililozeeka kuliko walimu wengi wa siku hizi, akang'oa nusu ya viti, akaweka ubao wa kupandishia viti vya magurudumu na mikanda ya kuvifunga. Kila asubuhi huwapeleka shule watoto wanne wasioweza kutembea peke yao, na kila alasiri huwarudisha. Magari mengine ya abiria hayasimami kwa ajili yao. Kondakta akiona kiti cha magurudumu kituoni, shingo yake hugeuka upande wa pili kama imepakwa mafuta. Bila gari la Mwalimu, watoto wale shule yao ni dirisha la nyumbani.

Msimu wa mvua maji yaliingia kwenye tangi. Fundi alilishusha, akalikausha, akalisafisha, kisha akageukia mfuniko, maana ndiko maji yalikopitia. Alikata pete ya mpira kutoka kwenye tyubu ya zamani, akaikaza kwenye mdomo, na kila mahali palipoonekana ni njia ya maji akapaziba kwa gundi ya chuma, akapasugua pakang'aa. Yeye si fundi wa kuacha tundu.

"Dada, sasa hata ukilizamisha mtoni, tone haliingii."

Na kweli, halikuingia tena hata tone.

Wiki mbili baadaye, ugonjwa ukaanza. Gari linatembea vizuri, mara linakohoa, linamisi, linavuta kama mtu anayeburuta gunia, halafu linazima katikati ya barabara. Ukilipumzisha robo saa, linawaka kama halijui kilichotokea.

Fundi akabadilisha plagi zote nne. Likazima. Akabadilisha platini na kondensa. Likazima. Akasafisha kabureta kwa mswaki wake mwenyewe, jambo ambalo mkewe hajalisahau mpaka leo. Likazima. Akaweka koili mpya, pampu mpya, chujio jipya, akapima waya mmoja mmoja. Kila lilipofika karakanani alinusa petroli, akaweka mfuniko juu ya paa, akawasha injini, akaiacha iungurume saa nzima huku bisibisi iko sikioni. Injini iliimba. Haikukosa hata pigo moja.

"Limepona," alimwambia dada yake kwa simu mara ya kwanza.

"Limepona," mara ya pili.

Mara ya tatu Mwalimu alimkatiza. "Mdogo wangu, hilo neno umeshalitumia. Leta jingine."

Ndipo Fundi alipoanza kuona giza mchana. Gari lililo zima karakanani, gonjwa barabarani. Ugonjwa unaomjua mganga na kumkimbia! Alikwenda nyumbani kwa dada yake, akakuta sebuleni, kwenye kalenda ya ukutani, duara jekundu kwa kila siku gari lilipozima. Mwalimu wa hisabati hawezi kuumwa hata kichwa bila kuweka alama. Maduara yote yalikuwa Jumatatu na Alhamisi.

"Jumatatu na Alhamisi unafanya nini ambacho siku nyingine hufanyi?"

"Najaza tangi nikishawashusha watoto shuleni. Naenda nyumbani, alasiri nawafuata. Tukirudi, linazima."

"Aa! Petroli ya kituo kile ni mbovu."

Akabadilisha kituo. Maduara yakaendelea kuangukia Jumatatu na Alhamisi. Na kila alipoinusa, petroli ilikuwa safi kama alivyoijua. Likiwa na njaa linakimbia, likishiba linazima: mantiki ya wapi hiyo? Chombo gani kinakufa kwa kushiba?

"Mbona mimi niko hivyo hivyo," seremala alisema huku akipiga randa. "Nikishakula, usiniulize habari ya kazi."

Fundi hakucheka. Wazo jingine lilikuwa limemwingia, baya kuliko yote. "Jirani," alisema taratibu, "simama nyuma yangu. Angusha msumari."

"Nini?"

"Angusha msumari. Nataka kujua kama nasikia."

Seremala akamtazama, akaona hana mzaha. Akaangusha msumari wa inchi nne. "Nimeusikia." Akaangusha wa inchi mbili. "Nimeusikia." Akaangusha ule mdogo kabisa wa kupigilia fremu za picha, juu ya vumbi la mbao. Kimya. Fundi alisubiri. "Bado hujaangusha?"

"Nimeangusha," seremala alisema. "Lakini huo hata mimi sikuusikia, bwana. Huo hata mwenyewe haujajisikia."

Fundi aliinama kuutafuta kwenye vumbi, na kwa muda mrefu hakuinuka.

Jumatatu ya wiki ile mambo yakaharibika kabisa. Njiani kutoka shule kuna mlima mkali, na katikati yake, ukingoni mwa barabara, kuna kibanda cha dobi. Mwanawe dobi ni mmoja wa wale wanne, wa miaka tisa, miguu yake haina nguvu tangu kuzaliwa. Gari lilizima hapo hapo mlimani, na kwa kuwa breki ya mkono ni ya uzee wa gari lenyewe, likaanza kurudi nyuma, taratibu, na watoto ndani. Dobi alitoka mbio na pasi bado mkononi, akaitupa, akabeba jiwe kubwa la kukalia mlangoni kwake, akaliweka nyuma ya gurudumu. Gari likasimama. Akamtoa mwanawe. Tangu siku hiyo alimpeleka shule mgongoni, kilomita saba, akamfikisha kipindi cha pili kimeshaanza.

Wazazi wa watoto watatu waliobaki walimwendea Mwalimu pamoja. Walimpenda, walimheshimu, lakini walikuwa wamekata shauri. Dobi ndiye aliyeliona gari likirudi nyuma kwa macho yake. Akimrudisha mwanawe, na wao wapo. Asipomrudisha, Ijumaa asubuhi ndiyo safari yao ya mwisho, alasiri watawafuata watoto wenyewe. Mwalimu akampigia mnunuzi wa vyuma chakavu, akamwambia aje Ijumaa asubuhi.

Alhamisi alasiri Fundi alikwenda kwa dada yake mikono mitupu. Mwalimu alikuwa uani, ufunguo mkononi, tayari kuwafuata watoto. Tangi alikuwa amelijaza asubuhi.

"Haya, leo unabadilisha nini?" aliuliza. "Kimebaki honi na mimi dereva."

Fundi alilitazama gari, akatazama viatu vyake. "Dada," akasema, "sijui."

Mwalimu akashusha ufunguo. Jogoo wa jirani alipita kati yao, akakwaruza chini, akaenda zake.

"Rudia."

"Sijui lina nini. Sijui kama ni lenyewe au ni mimi. Nimeanza hata kuogopa masikio yangu."

Wewe ungetegemea dada amcheke. Hakumcheka. Alimfungulia mlango wa mbele. "Miaka yote hii unaniambia, 'Niachie gari, nenda nyumbani.' Hujawahi kupanda ukalisikia likiugua. Mwanafunzi akikosea hesabu, sikai na jibu lake, nakaa naye afanye mbele yangu. Panda. Na usiguse kitu."

"Ngoja nilinuse kidogo tu."

"Usiguse ki-tu!"

Akapanda, kama mtoto aliyekamatwa mkono.

Walikwenda mpaka shule bila tatizo, wakapakia watoto watatu. Kati yao kuna binti wa magongo, mdomo mwepesi, ambaye alimtazama Fundi kwenye kiti cha mbele akauliza, "Mjomba, na wewe miguu imekataa?"

"Imekataa akili, binti yangu."

"Pole. Shule yetu haina darasa la hiyo."

Gari zima likacheka, hata Mwalimu. Wakaanza kurudi. Fundi alikaa wima, amefumba macho. Pigo, pigo, pigo, pigo. Walipofika chini ya mlima injini ilivuta vizuri. Katikati, ikakohoa. Fundi akafumbua macho. Ikamisi, ikamisi tena, mapigo yakaachana kama shanga zinazokatika uzi, na gari likazima mbele ya kibanda cha dobi. Mwalimu alikandamiza breki kwa miguu miwili.

Dobi alikwishatoka. Hakukimbia safari hii. Alikuja na jiwe lake, akaliweka nyuma ya gurudumu kama mtu anayeweka sahani mezani, kisha akaja dirishani.

"Fundi Sikio! Leo limekuambia nini?"

Mkono wa Fundi ulikuwa tayari kwenye kitasa, aende kwenye boneti.

"Keti," Mwalimu alisema. "Sikiliza."

"Nisikilize nini, dada, injini imezima!"

"Basi sikiliza hicho kinachosikika ikiwa imezima."

Watoto wakanyamaza wenyewe. Dobi naye akanyamaza, mikono kiunoni. Chuma cha moto kikawa kinapoa mbele, kwa sauti ambayo Fundi anaijua tangu ujana. Lakini kulikuwa na sauti nyingine, na haikutoka mbele. Ilitoka nyuma, chini, upande wa kulia. Ti. Kimya. Ti... ti. Kama debe tupu linalobonyezwa na kidole. Miaka thelathini na minne alisikiliza injini. Hakuwahi hata siku moja kusikiliza matako ya gari.

Alishuka. Akafuata sauti mpaka kwenye tangi, akainama, akaweka kiganja. Bati lilikuwa limeingia ndani, kama shavu la mtu anayenyonya. Hakuelewa. Anaapa mpaka leo kwamba hata hapo hakuelewa. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuniko kwa desturi tu, ili anuse. Akauzungusha.

Fyoooo!

Hewa iliingia kwa pumzi ndefu, ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Bati likarudi nje kwa kishindo, binti wa magongo akapiga yowe.

"Washa," Fundi alisema.

Mwalimu akawasha. Injini ikaimba.

Fundi alisimama pale na mfuniko mkononi, anaugeuza huku, anaugeuza kule. Na hapo, katikati, chini ya gundi aliyoisugua mwenyewe mpaka ikang'aa, akaliona duara dogo, la ukubwa wa tundu la sindano. Alilidhani kutu. Kumbe ndiyo pua ya tangi. Petroli ikitoka, hewa iingie mahali pake. Isipoingia, tangi linajinyonga, na injini inakufa kwa kiu juu ya tangi lililojaa. Likiwa karibu tupu, hewa iliyomo ndani inatosha safari moja. Likijazwa hadi shingoni, hakuna hewa kabisa. Na karakanani? Karakanani mfuniko ulikuwa juu ya paa! Alilitibu kila alipolinusa, akaliua tena kila aliposema "tayari".

Angeweza kusema waya ulilegea. Nani angejua? Wanasema hivyo kila siku, kwenye karakana na kwenye ofisi zenye mazulia, na dunia inaendelea kuteremka mlima na watoto ndani.

"Nililiziba mimi," alimwambia dobi, akamwonyesha. "Hapa. Kwa mkono wangu. Mwanao alitaka kuumia kwa sababu yangu."

Dobi aliuchukua mfuniko, akautazama kwa muda, akaurudisha. "Mimi kazi yangu ni nguo," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni maneno ya wahenga tu." Kisha akainama, akachukua jiwe lake. "Na kesho utagundua umeziba nini kingine?"

Fundi alisema tena lile neno, mara ya pili siku moja. Dobi akaingia ndani na jiwe, na mlango ukafungwa.

Magharibi ile Fundi alitoa gundi, akazibua tundu kwa sindano ya mkewe ya kushonea, akaliwekea kofia ndogo ya bati ili mvua isiingie lakini pumzi ipite. Mwalimu aliwapigia wazazi wote, akawaeleza kila kitu kama kilivyokuwa. Watatu walishukuru, wakauliza swali moja: dobi amesemaje? Dobi hakupokea simu.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Fundi alikuwa amesimama juu ya mlima. Pembeni yake alikuwepo mnunuzi wa vyuma chakavu, lori lake nyuma, mnyororo begani. Mwalimu alikuwa amemwambia angoje hapo: gari likipita kibanda cha dobi bila mtoto, litarudi kutoka shuleni likiwa lake.

"Chuma chake kizuri," mnunuzi alisema. "Cha zamani kile. Kizito."

Fundi hakumsikia. Gari lilikuwa limewapita, watoto watatu ndani, tangi bado limejaa, na lilikuwa likiteremka. Pigo, pigo, pigo. Likafika katikati. Kibandani mlango ulikuwa umefungwa.

Kisha taa nyekundu za nyuma zikawaka, na gari likasimama.

Fundi alikaza sikio. Lori la mtu lilipita likafunika kila kitu, asijue kama injini ile inaunguruma au imezima. "Ndiyo hivyo tena," mnunuzi alisema, akaushusha mnyororo begani. Fundi alianza kuteremka mbio, mzee wa miaka hamsini na nane, ndala moja ikabaki nyuma.

Akaona mlango wa kibanda uko wazi. Dobi alitoka, mwanawe mgongoni, begi la shule limening'inia shingoni mwake kwa mbele. Alimketisha mtoto ndani ya gari, akafunga mkanda, akauvuta mara mbili kuupima. Akarudi kibandani. Fundi akasimama katikati ya barabara, anahema, haelewi anaona nini.

Dobi akatoka tena, amelikumbatia lile jiwe kwa mikono yote miwili. Akalipakia nyuma ya gari, karibu na kiti cha mwanawe, akafunga mlango, akapiga bati mara mbili kwa kiganja.

Gari likaondoka.